Tulivyosubisha Chuma cha Pampu Yetu

Katika kurasa hizi waalimu wenzangu wamekwisha andika habari za kahawa, za ng'ombe, za visima na za malezi ya watoto. Mimi leo napenda kuandika habari za chuma. Sisemi chuma kile kifuliwacho na mhunzi kwa nyundo, bali chuma kiyeyushwacho hata kikawa chepesi kama uji wa mgonjwa, kikamiminwa katika mchanga, kikapoa kwa umbo lile mtu alilolitaka. Kazi hiyo huitwa kusubu, na nafasi ile ya mchanga ipokeayo chuma huitwa kalibu. Ngoma za breki za magari, miguu ya cherehani za zamani, vifuniko vya mitaro ya mjini, vyote vilisubiwa. Twavitumia au twavikanyaga, wala hatuulizi vilifanywaje.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika vijiji vingi iko mashine iliyovunjika kitu kimoja tu. Kitu hicho hakiuzwi tena dukani, na mashine nzima imeachwa majanini ipate kutu. Naamini ya kuwa nyingi katika hizo zaweza kufanya kazi tena, iwapo watu watajua jinsi ya kusemezana na fundi wa kusubu. Nasema kusemezana, maana hapo ndipo penye kazi. Moto na chuma ni mambo ya baadaye.

Kwetu ni milimani, Usambara. Shule iko juu ya kilima pamoja na kanisa na nyumba nyingi za watu, nacho kijito kiko bondeni, chini yetu kama mita 40. Waliotutangulia walitia kijitoni pampu ya namna isiyotaka mafuta wala umeme wala mkono wa mtu. Watu wa kwetu waiita Kinyundo kwa sababu ya mlio wake. Kazi yake ni hivi: maji ya kijito huteremka katika bomba la chuma na kutokea katika kilango, yaani vali, kilicho wazi. Mbio za maji zikizidi, hukisukuma kilango kikafunga ghafula. Basi maji, kwa kuwa hayana pa kwenda, hupiga kama nyundo, na sehemu yake kidogo hupenya kilango cha pili, huingia katika chupa kubwa ya chuma yenye hewa, na hewa ile ikiisha kubanwa huyasukuma maji kupanda kilimani. Kisha kilango cha kwanza hufunguka chenyewe, na mambo huanza tena. Pampu yetu hupiga mara 50 kwa dakika, ndiyo mara 72,000 kwa mchana mmoja na usiku wake. Kwa kila lita 60 zishukazo mita 4, hupandisha lita tatu na nusu hivi. Ni kidogo, lakini kwa kuwa hailali, kwa siku hutupatia kama lita 5,000. Aliyeibuni ni Joseph Montgolfier wa Ufaransa mwaka 1796, mtu yule yule ambaye pamoja na ndugu yake alirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783.

Kilichovunjika kwetu ni sanduku la kilango cha kwanza, yaani nyumba ya chuma ambamo kilango hupiga. Ufa ulianza kwenye tundu la bolti, ukatambaa hata mdomoni. Chuma cha kusubu, ambacho mafundi wengi hukiita kasti, kina tabia kama ya chungu: hustahimili sana kukandamizwa, lakini hakipendi kuvutwa wala kupindwa; kikishindwa hupasuka pasipo kuonya. Akaja fundi wa kuchomelea, kijana mwenye bidii, akauziba ufa. Baada ya siku tisa chuma kikapasuka tena, kando kando ya mshono wake. Kijana yule hakufanya kazi mbaya. Kasti ikichomelewa pasipo kupashwa moto yote polepole, na kupozwa polepole vile vile, mara nyingi hupasuka pembeni mwa mshono, nasi hatukuwa na tanuri la kuipasha.

Tangu siku ile wasichana wa shule wakarudi kubeba ndoo kichwani kutoka bondeni, kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya masomo ya jioni. Mtu asiyejua kilima kile aweza kudhani ni jambo dogo. Mimi niliyekuwa nikiandika mahudhurio kila asubuhi niliona jinsi majina yale yale yalivyochelewa, na yote ni ya wasichana.

Tukakutana wazee wa kijiji, wazee wa kanisa na waalimu. Wengine walisema tununue pampu mpya ya ng'ambo. Tulipohesabu bei na gharama ya kuisafirisha, tukanyamaza. Wengine walisema tufanyiziwe pampu ya mabomba ya kuchomelewa. Nasema wazi kwamba mahali pengine hufanywa hivyo, nazo hufaa. Bali sisi tulikuwa na chupa ya hewa iliyo nzima, na bomba zima, na kitako kizima chenye matundu yake ya bolti. Kilichokosekana ni nyumba ya kilango peke yake. Ndipo nikashauri tusubishe nyingine. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husema mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, fedha hizi ni za mayai na za ndizi. Zikimiminwa mchangani, nani atazizoa?" Sikuwa na jibu. Nikaomba niende mjini kwanza nikaulize, kabla ya senti moja kutolewa, nao wakakubali.

Kiwanda nilichokwenda sitakitaja jina. Ni mahali padogo: paa la mabati lililojaa moshi, chungu ya mchanga mweusi, na fundi mkuu mwenye mvi ambaye vidole vyake vina makovu ya moto. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Weka mzigo wako hapa kwenye mwanga." Sikuwa nimemwambia kazi yangu, alisema baadaye kwamba aliijua kwa jinsi nilivyofunga kitu kibovu katika gazeti na kuandika juu yake. Akaligeuza sanduku mara nyingi kimya kimya, akaligonga kwa kisigino cha nyundo akasikiliza. Kisha akaanza kuuliza maswali, nami nayaandika hapa kwa kuwa mtu ye yote aendaye kwa fundi kama huyu yampasa awe na majibu yake.

Aliuliza kwanza, "Wataka vingapi?" Nikasema kimoja. Akacheka, si kwa dharau, akasema kwamba kwa kitu kimoja kazi ya kufanya kielelezo cha mti hupita kazi ya chuma. Kwa vitu kumi gharama ya kielelezo hugawanyika. Akauliza ndani yake hupita nini, na kwa nguvu gani. Akauliza ni upande upi ulaliao chuma kingine, maana upande huo lazima ukerezwe uwe laini, na kwa hiyo uongezwe unene wa kukatwa. Hata mwisho akauliza, "Katika vipimo vyote vya kitu hiki, ni vipi usivyoweza kusamehe?"

Swali hili lilinipendeza kuliko yote. Mimi nilikuwa nimepima kila pembe na kila mviringo, nikajaza kurasa tatu. Tukaketi kwenye benchi tukazipitia, tukaona kwamba vipimo visivyosameheka ni vitano tu: upana wa ukingo ukutanao na kitako, umbali wa matundu ya bolti, upana wa mdomo wa bomba, upana wa kiti cha kilango, na kimo kutoka kitini hata kwenye daraja la juu lishikalo msumari wa kilango. Vingine vyote vilikuwa mali ya fundi. Aweza kunenepesha hapa, kuviringisha pale, apendavyo, ili chuma kipite vema. Nami nikafahamu kwa nini watu wengine hurudi kutoka viwandani wakinung'unika: mtu apelekaye kitu kibovu na kusema "nifanyizie kama hiki" amemfunga fundi mikono yote miwili, na wakati huo huo hakumwambia neno lo lote. Fundi alisema kwamba siku hizi wengi humpelekea picha kwa simu. "Picha haina unene," akasema, akaendelea kuparuza kutu kwa ukucha.

Tukaja kwenye swali la namna ya chuma. Aluminiamu huyeyuka kwa moto wa digrii 660, na mafundi wengi wadogo huisubu kwa tanuri la mkaa, tena ni nyepesi kubeba. Lakini ni laini, na ikikaa majini pamoja na bolti za chuma huliwa. Shaba ya njano haishiki kutu namna ya chuma, lakini bei yake ilitutisha. Chuma cha kijivu huyeyuka karibu na digrii 1,200, nacho ndicho kilichokuwa katika pampu tangu mwanzo. Nikamwuliza habari za kile chuma cha kusubu kitiwacho magnesi, ambacho hakipasuki upesi, na ambacho hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1949. Akanijibu pasipo kuficha kwamba yeye hakifanyi, na kwamba akisema anakifanya atakuwa ananidanganya. Kwa jibu hilo nilimwamini katika mengine. Tukakata shauri: chuma cha kijivu kwa sanduku, na pete ya shaba ya njano kwa kiti cha kilango, ikazwe ndani baadaye, ili ikilika ibadilishwe yenyewe.

Tukaandika mapatano nakala mbili. Tutalipa kwa uzito wa kitu kilichokamilika. Kielelezo tutakileta sisi, nacho kitabaki mali yetu. Kitu kikivuja, kwanza tutafute sababu, ndipo tuseme nani alipe. Neno hili la mwisho nililitaka mimi kwa ajili ya yule mzee wa mayai na ndizi.

Kielelezo kilifanywa na seremala wetu kwa mbao za mkangazi zilizokauka vema. Mtu asidhani kwamba kielelezo ni mfano wa kitu basi. Ni mfano wa kitu pamoja na mambo manne au matano ambayo chuma na mchanga huyadai. Kielelezo chetu kilipasuliwa katikati, nusu mbili zishikanazo kwa vijiti, ili kila nusu ilale katika sanduku lake la mchanga. Pande zake zote za kusimama zilipewa mwinamo kidogo, kama milimita 1 kwa kila milimita 50, kwa maana kikinyanyuliwa kutoka mchangani pasipo mwinamo hubomoa kuta za kalibu. Pembe za ndani zilijazwa nta ya nyuki zikawa za mviringo. Kisha msasa, kisha vanishi mara tatu, hata ukikipitishia kidole hukwami mahali. Na kwa kuwa sanduku lina uwazi ndani, ilitupasa kufanya pia sanduku jingine dogo la mbao, la kufinyangia kiini cha mchanga, ambacho hukaa katikati ya kalibu na kukizuia chuma kisijae pasipotakiwa. Kielelezo kikapata masikio mawili ya kuonyesha mahali kiini kitakapolala. Seremala aliyapaka rangi nyeusi, ili asitokee mtu kudhani ni sehemu ya chuma.

Jambo moja lilinipa somo la hesabu la juma zima darasani. Chuma kikipoa hunywea. Chuma cha kijivu hunywea karibu sehemu 1 katika 100. Aluminiamu, sehemu 13 katika 1,000. Shaba ya njano, kama sehemu 15. Chuma cha pua, kama sehemu 20. Kwa hiyo ukitaka ukingo wa milimita 200, kielelezo kiwe na 202, na upande wa kukerezwa uongezwe unene wa milimita 3. Mafundi wa vielelezo hutumia rula iliyorefushwa tangu kufanywa kwake, wapime tu pasipo kuhesabu. Wanafunzi wangu wakafanya ya kwao: utepe wa bati wa milimita 303 wakaugawanya sehemu 300 sawasawa. Mtoto mmoja akauliza, je, rula hii si ya uongo? Darasa likabishana hata kengele ikalia, nami sikuwazuia. Seremala aliitumia rula ile mpaka mwisho wa kazi.

Tulipopeleka kielelezo, tulingoja majuma matatu. Jambo hili liwe wazi kwa kila mtu. Tanuri refu la chuma haliwashwi kwa ajili ya kitu kimoja; fundi hukusanya kazi za watu wengi, hujaza sakafu kalibu, ndipo huwasha siku moja na kumimina zote. Aliyeahidiwa "juma lijalo" na aulize siku ya moto ni lini.

Nilipata ruhusa nikaenda kutazama. Asubuhi walitengeneza kalibu. Mchanga wao una udongo wa kunata na maji kidogo. Fundi huufumbata mkononi, akifumbua na udongo ukabaki na alama za vidole, tena ukivunjwa ukakatika mahali pamoja pasipo kumomonyoka, basi umekuwa tayari. Ukizidi maji, ni hatari: chuma cha moto kikikutana na maji mengi mvuke hupasuka na kurusha moto usoni mwa watu. Viini walivikanda kwa mchanga na molasi ya kiwanda cha sukari, wakavioka katika joko hata vikawa vigumu kama mkate uliosahauliwa. Nilipokuwa nikitazama nikakumbuka habari za Hiramu wa Tiro katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, jinsi vyombo vya shaba vya hekalu vilivyosubiwa katika udongo wa uwanda wa Yordani, kati ya Sukothi na Sarethani. Mara nyingi nimefundisha sura ile, wala sikupata kujiuliza kwa nini mahali pa udongo patajwe. Fundi wa kusubu hangeuliza. Kwake yeye udongo ndio nusu ya habari.

Na hapa niseme neno kidogo juu ya wazee wetu, maana wako wasemao kwamba kazi hizi zililetwa zote na meli. Jirani zetu Wapare wa Ugweno waliyeyusha mawe ya chuma tangu zamani, na Wachaga walinunua chuma chao. Huko Buhaya wachimbuzi wameona matanuri ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500. Lakini chuma chao kilitoka tanurini kama bonge zito lenye kunata, kikafuliwa kwa nyundo, hakikumiminwa. Kusubu kulikuwako katika Afrika ya Magharibi, kwa shaba, huko Ife na Benin, ambako mafundi walifanya umbo kwa nta, wakalifunika udongo, wakaiyeyusha nta itoke na shaba iingie mahali pake. Basi njia ya chuma cha kumiminwa katika mchanga ilitufikia kutoka kwingine: Abraham Darby wa Uingereza alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga mwaka 1707.

Mchana wakawasha. Tanurini hutiwa koka, kisha vipande vya ngoma za breki na bloku za injini zilizovunjwa kwa nyundo, na mawe ya chokaa, ambayo huyavuta mavi ya chuma yaelee juu yapate kuondolewa. Feni ikavuma kama saa nzima. Kilipotoka chuma cha kwanza, fundi hakukimimina katika kalibu ya mtu. Alikimimina katika kishimo chembamba, akangoja kipoe, akakivunja, akatazama ndani. Ndani kukiwa kweupe kunakong'aa, chuma ni kigumu mno, hakikerezeki. Kukiwa kwa kijivu, ni chema. Kilikuwa cha kijivu. Ndipo wakabeba upawa watu wawili wawili, wakimimina pasipo kukatiza, maana ukisita katikati chuma cha pili hakishikamani na cha kwanza. Juu ya kila kalibu ndimi ndogo za moto wa buluu zikatoka katika vitundu vya hewa. Hakuna aliyesema neno.

Kesho yake kalibu ikavunjwa. Sanduku letu likatoka likiwa jeusi, zito, na zuri kwa macho. Wakalisugua, wakalipaka chokaa kwa nje, wakaziba midomo na kulijaza mafuta ya taa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo hata maji hayapenyi. Baada ya saa moja, kwenye shingo, pale ukingo mnene ukutanapo na ukuta mwembamba, chokaa ikaloa mahali padogo kama ukucha wa mtoto.

Naungama kwamba moyo wangu ulimkumbuka yule mzee. Fundi hakusema kitu. Alichukua msumeno, akalikata sanduku shingoni mbele yangu. Ndani ya unene wa ukingo mlikuwa na vishimo kama vya mfupa. Akanieleza: ukuta mwembamba hupoa kwanza, nao unene wa jirani hubaki ukiwa majimaji; unene nao ukija kupoa hunywea, na kama hauna mahali pa kuvuta chuma kingine, hujitoboa wenyewe kwa ndani. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kuweka juu ya mahali pale kichwa cha kulishia, yaani dimbwi la chuma lichelewalo kupoa, ambalo baadaye hukatwa na kutupwa. Ya pili, kuondoa tofauti ile ya ghafula ya unene. Kichwa alikuwa amekiweka, lakini kidogo. Na shingo ilikuwa kama ilivyokuwa katika sanduku la kale, ambalo labda lilisubiwa kwa njia nyingine kabisa.

Mapatano yetu yalisema tutafute sababu, na sababu zilikuwa mbili. Fundi akafikiri, akasema, "Kichwa ni changu, umbo ni lenu. Mimi natoa kazi, ninyi mtoe koka." Nikaona ni haki. Wanafunzi wangu wangepata hesabu nyingine hapo, lakini hakuna asiyeijua hesabu ya namna hii akiwa na nia njema. Sanduku lile lililokatwa likarudi tanurini kuwa chuma cha kesho, kwa hiyo chuma chenyewe hakikupotea hata kidogo. Seremala alikuja mjini kwa basi, akaongeza mbao shingoni hata unene ukawa unapungua polepole, akaziba kwa nta, wakasemezana na fundi habari za mwinamo kama watu waliosoma pamoja. Nilifurahi kuwaona, maana tangu mwanzo maneno yao yalikuwa yakipita kinywani mwangu, na mkalimani hata akiwa mwalimu hupunguza kitu.

Moto wa pili ulikuja baada ya juma moja na siku mbili. Chokaa ikabaki kavu usiku kucha. Sanduku likapelekwa kwenye kerezo, uso wa ukingo ukasawazishwa, matundu ya bolti yakatobolewa kwa kufuata kitako chenyewe, na pete ya shaba ikakazwa. Uzito wake ulikuwa kilo 17. Fedha zote, pamoja na mbao, koka, kukereza na nauli, zilikuwa bei ya mbuzi watatu wakubwa. Hesabu niliibandika mlangoni pa kanisa, mstari kwa mstari, na ule mstari wa koka ya mara ya pili sikuuficha katika jina jingine. Yule mzee aliusoma akiwa amesimama muda mrefu, akauliza koka ni nini, nikamweleza. Akauliza kama chuma kile kilichokatwa tulikilipia, nikasema la. Akaenda zake.

Tulilifunga siku ya Jumamosi, watu wengi wakiwa ukingoni mwa kijito. Kilango hutaka kuamshwa kwa mkono mara kumi au kumi na tano, kukikandamiza chini mpaka bomba la kupandisha lijae. Kisha hushika mwendo wake. Maji yalifika tangini shuleni kabla ya saa kumi za jioni. Mlio si ule wa zamani. Ni mzito zaidi, nadhani kwa sababu ya shingo mpya, na kuna wasemao kwamba wa kale ulikuwa mtamu kuliko huu.

Kielelezo kimewekwa juu ya kabati la darasa la sita pamoja na sanduku lake la kiini na ile rula ya bati, nacho kimeandikwa kwa rangi: chuma cha kijivu, namna ya kichwa, tarehe. Mwezi uliopita walikuja watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, ambao pampu yao ni ya kipimo kile kile, nayo imelala miaka saba. Tumewaazima kwa masharti mawili: wakirudishe pamoja na sanduku la kiini, maana kimoja pasipo kingine hakifai kitu, na seremala wao, kabla ya kubadili lo lote, aje azungumze na wetu. Wamekwenda nacho mjini wakiwa wamekifunga katika blanketi. Siku ya moto waliyopewa ni Alhamisi ya juma la pili.